Freni ya mbele inalia: usiinyamazishe kwa mafuta

Asubuhi mjini Bukavu, moto za kwanza zikiteremka kutoka Kadutu kwenda Nyawera, unazisikia kabla hujaziona. Kiiiii! Mama mwenye beseni kichwani anaruka pembeni, watoto wa shule wanageuka. Ukimuuliza motari, anacheka: "Papa, haiko shida. Njo honi yangu ile."

Ni kweli, sauti peke yake haiui mtu. Moto inaweza kulia miezi mingi na bado ikasimama vizuri. Kinacholeta hatari ni namna tunavyoinyamazisha. Mmoja anaweka tone la wili ya moteri kwenye diski, "kidogo tu, ipate kuteleza." Mwingine analegeza kebo ya freni paka mkono unakuwa wa bure. Wa tatu haguzi kitu, ila tangu siku ile anasimamisha moto kwa mguu peke yake. Wote watatu wamepata ukimya. Na wote watatu wanabeba abiria kwenye moto isiyokuwa na freni ya mbele.

Mwandishi wa mistari hii alishakuwa yule wa kwanza. Tone moja la wili, kwa shauri la fundi wa kando ya barabara. Kelele iliisha palepale. Kwenye kona ya kwanza yenye mteremko, mkono ulibana paka mwisho na moto ikaendelea kwenda kama haijasikia kitu. Kilichoniokoa ni rundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga. Plaketi zile hazikufaa tena, nilizitupa.

Kwa nini tunahitaji freni ya mbele

Moto ikipunguza mwendo, uzito wote unakimbilia mbele: wewe, abiria wako, mfuko wa muhogo. Amortisa ya mbele inashuka, tairi ya mbele inabana barabara kwa nguvu, na ya nyuma inakuwa nyepesi. Tairi nyepesi haina nguvu ya kusimamisha kitu; ukikanyaga sana, inafunga na kuteleza. Ndiyo maana kwenye barabara kavu na ngumu, freni ya mbele inafanya kazi kubwa kuliko ya nyuma, mara nyingi karibu asilimia 70 ya kazi yote. Anayeendesha kwa mguu tu anatumia ile sehemu ndogo iliyobaki.

Wamotari wengi wanajibu: "Freni ya mbele inaangusha mutu." Wana haki nusu. Inaangusha ukiishika kwa ghafla, au ukiishika wakati usukani umekata kona, au kwenye kokoto na matope mabichi. Inashikwa kwa vidole viwili, polepole kwanza, kisha unaongeza nguvu kadiri uzito unavyokuja mbele. Kwenye vumbi la makoro kule Goma unaishika kidogo zaidi. Lakini unaishika. (Hata chukudu, chombo cha mbao kisichokuwa na moteri, wenyewe wanakifungia kipande cha tairi nyuma ili wakikanyage kwenye mteremko. Hakuna anayekubali kushuka na viazi bila kile kipande.)

Tuhesabu kidogo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika karibu mita 773. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa barabara ya kitaifa namba 5, kupitia milima ya Ngomo, anashuka kwa jumla karibu mita 700, bila kuhesabu vile anavyopanda na kushuka tena njiani. Moto na watu wawili na mzigo wao inaweza kufika kilo 300. Nguvu ya kilo 300 zikishuka mita 700 inatosha kuchemsha kama litre 6 za maji baridi. Sehemu ya nguvu ile inachukuliwa na upepo, sehemu na moteri ukiweka vitesi vidogo, cha pili au cha tatu. Inayobaki inaingia kwenye freni, na inaingia kama joto. Ukiacha freni moja ibebe yote, itaungua. Wale wanaoshuka na moteri imezimwa ili kuokoa esanse, freni zao zinabeba zaidi tena.

Sauti inatoka wapi

Pitisha kidole chenye maji kwenye ukingo wa gilasi, utasikia gilasi inaimba. Kidole kinakwama, kinaachia, kinakwama tena, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Freni inalia kwa njia hiyohiyo. Plaketi inakwama kwenye diski na kuachia, inatetemeka, na diski inaikuza sauti ile kama kengele. Kwa hiyo kutafuta dawa ni kutafuta kinachoipa plaketi nafasi ya kutetemeka: uchafu, uso uliokuwa laini kama kioo, chuma kilichokauka, buloni iliyolegea.

Sikiliza vizuri kwanza. Freni inayolia asubuhi tu, baada ya mvua au baada ya kuoshwa, kisha inanyamaza ukibana mara tano sita, haina ugonjwa. Ni unyevu na kutu nyembamba ya usiku. Iache. Freni inayolia siku nzima, sauti nyembamba na kali, hasa ukibana kidogo unapokaribia kusimama: hiyo ndiyo tunayozungumzia hapa. Ila ukisikia sauti nzito, grrr, kama mtu anakwaruza sufuria kwa jiwe, na mkono unatetemeka, usiendelee na kazi hata kwa mteja mmoja. Plaketi zimekwisha na chuma kinakula diski. Plaketi ni rahisi, diski ni ghali.

Kama moto yako iko na diski

Chuchumaa mbele ya gurudumu, utazame ndani ya etriye, lile jumba la chuma linalobana diski. Utaona mabati mawili, na kila bati limebeba tabaka la kitu cheusi au cha kijivu. Tabaka lile ndilo freni. Plaketi nyingi zina mfereji katikati. Mfereji ukifutika, wakati umefika. Pasipo mfereji, usingoje tabaka libaki milimita moja. Na ukikuta upande mmoja umekwisha na mwingine bado mnene, etriye imekwama. Utabadilisha plaketi kila mwezi bila kupona kama hukuifungua.

Kufungua haiko kazi ya ajabu. Simamisha moto kwa stendi ya katikati, mahali tambarare, na diski iwe imepoa. Baada ya mteremko mrefu inaunguza ngozi palepale. Toa buloni mbili zinazofunga etriye kwenye amortisa, ivute taratibu, kisha toa plaketi. Tangu hapo mtu yeyote asiguse mkono wa freni, hasa watoto wanaopenda kuchezea usukani. Ukibanwa wakati plaketi haziko, pistoni inatoka nje na mafuta yanamwagika.

Osha etriye kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani. Usitumie esanse wala mazutu: vinaharibu raba za ndani, zile zinazozuia mafuta yasivuje. Usipulize vumbi kwa mdomo, wala kwa kompresa ya kujazia tairi. Plaketi na garnitiri za zamani, na hata baadhi ya zile za bei ya chini zinazouzwa bado, zinaweza kuwa na amiyanti, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta kansa baada ya miaka mingi. Maji yanalilaza chini. Mafundi wetu wanaofanya kazi hii kila siku, na vijana wanaojifunza kwao, ndio wa kwanza kulivuta.

Sasa vile vyuma viwili ambavyo etriye inatelezea juu yake. Huku kwetu ndiko ugonjwa unapoishi zaidi. Matope ya mvua na vumbi la kiangazi vinaingia chini ya raba zake, mafuta mazito yanakauka, etriye haitelezi tena, plaketi moja inabaki inagusa diski siku nzima. Toa vyuma vile, vipanguse paka ving'ae, na uvipake grisi nyembamba ya freni inayovumilia joto. Grisi ya kawaida ya mnyororo inayeyuka na kukimbilia kusikotakiwa. Raba ikipasuka, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo. Usisahau kale kabati kembamba kenye kazi ya kubana plaketi zisicheze. Mafundi wengi wanakatupa, "haina kazi." Kazi yake ni hiyohiyo ya kuzuia mlio.

Plaketi yenyewe ikiwa bado nene lakini uso wake unang'aa kama kioo, imeungua juujuu kwa joto. Weka karatasi ya msasa juu ya kioo au kigae kilichonyooka, mimina matone ya maji ili vumbi lisiruke, usugue plaketi kwa mzunguko paka uso ule uwe mweusi usiong'aa, sawa pande zote. Kwa tupa, punguza kidogo ukingo wa mbele na wa nyuma wa tabaka, uwe na mshazari mdogo. Ukingo mkali ndio unaoanza kutetemeka. Mgongoni mwa bati, pale pistoni inapogusa, unaweza kupaka grisi ileile ya freni, nyembamba sana. Upande wa mgongo tu, narudia.

Kama plaketi imekunywa mafuta, yawe ya tone la rafiki yako au ya amortisa inayovuja, hakuna kusugua. Kuna wanaoimwagia esanse na kuiwasha kiberiti ili "kukausha". Moto unachoma mafuta ya juu. Yale yaliyoingia ndani yanarudi kwenye mteremko wa kwanza wenye joto. Na gundi inayoshika tabaka kwenye bati inaweza kulegea, siku moja tabaka linaanguka barabarani na unabaki na bati. Nunua mpya. Lakini kwanza tafuta mafuta yalikotoka: pitisha kidole kwenye bomba linalong'aa la amortisa, chini ya raba. Kikitoka na mafuta, raba ile ibadilishwe siku ileile, ama plaketi mpya zitakunywa pia.

Diski ipanguse kwa kitambaa safi na alkoli ya duka la dawa, pande zote mbili. Ukucha ukikwama kwenye mifereji yake, imechoka. Diski nyingi zimechorwa herufi MIN TH na namba ya milimita: ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Fundi mwenye kipimo anaweza kukupimia kwa dakika moja.

Kurudisha: sukuma pistoni ndani polepole kwa kidole gumba au kipande cha mti. Fungua kwanza kifuniko cha kikopo cha mafuta kilicho juu ya usukani na uweke kitambaa, sababu mafuta yatapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya tanki. Funga buloni zote mbili vizuri. Kisha, kabla ya kupiga teke la kuwasha, bana mkono wa freni mara nyingi paka uwe mgumu. Baada ya kusukuma pistoni, mibano ya kwanza haishiki kitu kabisa. Kuna walioisahau hatua hii, wakatoka garaji moja kwa moja na kuingia nyuma ya gari.

Mafuta ya freni

Kwenye kifuniko cha kile kikopo imeandikwa DOT 3 au DOT 4. Weka yaliyoandikwa. Wili ya moteri au mafuta ya kupikia (ndiyo, tumeona) yanavimbisha raba na kufunga freni yote. Mafuta ya freni yana tabia ya kuvuta maji ya hewani. DOT 4 mapya yanachemka kwenye nyuzi 230. Yakishavuta maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka katikati ya mteremko mapovu yanaingia kwenye bomba, na mkono unakwenda paka kwenye usukani bila kushika. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili, au mapema yakigeuka rangi ya chai. Na kopo lililokaa wazi dukani limeshavuta maji, hata kama muuzaji anasema ni jipya.

Kuhusu plaketi za kununua: zile ngumu zenye chuma kingi zinadumu, lakini zinalia zaidi na zinakula diski. Za bei ya chini kabisa mara nyingi zimebandikwa vibaya. Jaribu kuingiza ukucha kati ya tabaka na bati. Ukiona ufa, rudisha. Linganisha pia na ya zamani kabla ya kulipa, sababu plaketi inayocheza milimita moja ndani ya etriye italia hata ikiwa ni mpya kabisa.

Kama moto yako iko na garnitiri

Moto nyingine za kazi hazina diski mbele. Kuna ngoma ya chuma ndani ya gurudumu, na garnitiri mbili zinafunguka ndani yake kwa kuvutwa na kebo. Hii inalia kwa sababu ya vumbi lililojaa ndani, au garnitiri zilizong'aa, au kile chuma cha kuzifungua kimekauka. Toa gurudumu, osha ngoma kwa maji ya sabuni na uikaushe, sugua garnitiri kwa msasa, punguza ncha zake kwa tupa. Kile chuma kinachozifungua kipate grisi kidogo, kama punje ya mchele. Ikizidi, joto litaipeleka kwenye garnitiri. Ukubwa wa mwisho wa ngoma umechorwa ndani, baada ya neno MAX. Nje, pembeni ya mkono mdogo wa chuma unaovutwa na kebo, moto nyingi zina mshale: bana freni, na mshale ukifika kwenye alama, garnitiri zimekwisha, usiendelee kukaza kebo.

Kuna mambo mawili ya kuangalia unaporudisha gurudumu. La kwanza ni la usalama wako: bati la freni lina mfereji unaopaswa kuingia kwenye jino la amortisa. Usipoingia, siku utakayobana kwa nguvu bati lote litazunguka, litakata kebo na kufunga gurudumu. La pili ni la sauti: usikaze nati ya ekseli kwanza. Bana freni ya mbele kwa nguvu, mwenzako aishike hivyohivyo, ndipo ukaze. Garnitiri zinajipanga katikati ya ngoma, na mara nyingi mlio unaisha hapohapo bila kununua piyesi hata moja. Kisha rekebisha kebo mkono uwe na nafasi ya sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha kabla ya kuanza kushika, na zungusha gurudumu hewani kuhakikisha haliburuzi.

Ukivuka mto au dimbwi, maji yanaingia ndani ya ngoma. Endesha polepole huku umebana kidogo paka ushikaji urudi, ndipo uongeze mwendo.

Siku ya kwanza

Plaketi au garnitiri mpya, au zilizosuguliwa, hazijajuana na chuma chake. Tafuta barabara tulivu. Fika kilometa 40 kwa saa, bana kwa upole paka 10, achia, endelea kidogo zipoe, rudia mara kumi na tano hivi. Usisimame kabisa huku umebana wakati zina joto. Ukienda moja kwa moja kwenye mteremko na abiria wawili, zitaungua juujuu, na jioni utarudi kwa fundi kusema alikuuzia piyesi ya bandia.

Wewe abiria, ukitaka kujua kama moto uliyopanda iko na freni ya mbele, tazama mkono wa kuume wa motari anapopunguza mwendo. Vidole vikibaki vimekunjwa kwenye kishikio siku zote, na mguu peke yake ndio unafanya kazi, muulize bila aibu: "Yaya, ya mbele inashika?" Akisema ameilegeza sababu ilikuwa inalia, shuka kabla ya mteremko.

Na kama umefanya yote haya na bado inalia, achana na freni. Inua gurudumu la mbele, weka kasha la bia chini ya moteri, shika tairi kwa juu na chini, utikise. Likicheza, ni rulema, zile pete za chuma zenye vigololi ndani. Shika tena miguu ya amortisa, vuta mbele na nyuma. Ikigonga, ni vigololi vya shingo ya usukani. Gurudumu linalocheza linaitetemesha diski, na hata ukifunga plaketi mpya kila wiki litaendelea kulia. Rulema za mbele ni mbili, na zinabadilishwa zote mbili kwa siku moja.